Usifute programu zako za mwanzo

Kama umejifunza kuandika programu mwenyewe, zile kazi zako za mwanzo usizifute hata kama zinatisha kuzisoma. Ziweke kwenye Git, kile chombo kinachotunza kila toleo la programu yako, kama zilivyo, ila paswedi ulizoandika humo ndani zitoe kwanza maana Git haisahau, ukija kuifuta kesho toleo la jana bado linayo. Alafu endesha programu uhifadhi majibu inayotoa ndo uanze kusafisha, bila hayo majibu huwezi jua kama umerekebisha au umeharibu. Anza na majina uliyozipa data zako, ile x2 iite jumla_ya_mauzo, endesha tena, linganisha. Mistari ileile iliyokopiwa sehemu nne ivute iwe fankisheni moja, yaani kipande kimoja chenye jina unachokiita popote unapokihitaji, kwangu hapo ndo penye faida kuliko kote.