Kaunti ikibadilisha sheria za mijengo, wakaazi mnaingilia wapi? Vile mnaeza jipanga

Ukiona notisi ya robo ukurasa kwa gazeti ati kaunti inakaribisha maoni kuhusu sera ya zoni (yaani kugawa mji kwa sehemu na kusema kila sehemu ijengwe nini na kiasi gani) na udhibiti wa ujenzi, usigeuze ukurasa ukidhani hiyo ni ya madevelopa na watu wa mitaa ya matajiri kama Karen. Hiyo karatasi ndio inaamua kama jirani yako atajenga ghorofa nne ama kumi na mbili, kama baa itafunguliwa ng'ambo ya shule ya watoto, kama ile nafasi vijana wanachezea mpira itabaki nafasi. Na ni wakati huo wa maoni ndio mnaeza badilisha kitu, mkingoja mpaka trekta ianze kuchimba msingi mtabaki kupiga picha na kulalamika kwa grupu ya WhatsApp.

Mimi si plana. Nimekaa kwa kamati ya wakaazi mtaa mmoja wa Eastlands hapa Nairobi, kazi yangu ilikuwa kushika daftari, na hii naandika ni mambo tuliyokosea kwanza ndio tukajua.

Anza na ploti, ramani itafuata

Mkutano wetu wa kwanza tulifanya vile kila mtu hufanya, tukaazima projekta ya kanisa, tukaweka ramani kwa ukuta, kila zoni na rangi yake, zambarau, manjano, hudhurungi, kijana mmoja aliyesoma akaeleza dakika arobaini. Kimya. Watu wanaangalia simu. Halafu mzee mmoja nyuma akauliza, "Sasa mimi kwangu ni rangi gani?" Hapo ndio watu walisimama, kila mtu anataka kuona kwake, tukamaliza saa nzima tukitafuta maploti na tochi ya simu. Mama anayeuza mboga kwa kona akauliza swali la pili ambalo hata yule kijana hakuwa na jibu: "Na hii rangi inaleta maji?"

Kwa hivyo mkutano uanze hapo. Chapisha kipande cha ramani cha mtaa wenu tu, kikubwa, weka alama watu wanazojua, shule, msikiti, kanisa, stage, duka la huyo na huyo, kisha kila mtu atafute kwake. Maswali ya maji, majitaka, stima, moto na parking yatakuja yenyewe na hayo ndio maoni ya zoni hata kama hakuna mtu ametaja neno zoni.

Kuna namba mbili lazima watu wazielewe, na hapa usiharakishe, tumia hata siku mzima. Ya kwanza ni sehemu gani ya ploti unaruhusiwa kufunika na nyumba. Ya pili ni jumla ya sakafu zote ukizijumlisha, ikilinganishwa na ukubwa wa ploti. Chukua ploti ya hamsini kwa mia, hiyo kila mtu anaijua, ni futi za mraba 5,000. Sheria ikisema unaeza funika nusu, nyumba inakalia futi 2,500. Ikisema jumla ya sakafu isizidi mara mbili ya ploti, hiyo ni futi 10,000. Gawanya, unapata sakafu nne ukihesabu na ya chini. Tuliwaonyesha na viberiti vinne vimepangwa kimoja juu ya kingine, na watoto ndio walishika haraka kuliko sisi.

Sasa mtego uko hapa. Mtu akiamua kufunika robo tu ya ploti, futi 1,250, zile futi 10,000 zake bado ziko, kwa hivyo anaeza enda juu sakafu nane na hajavunja hiyo namba ya pili hata kidogo. Watu hushangaa, "lakini mlituambia ni nne!" Kama shida yenu ni urefu na kivuli, ombeni kikomo cha urefu kiandikwe waziwazi. Kama shida yenu ni nyumba kubanana, pigania nafasi ya kuacha kati ya ukuta na ukuta. Nendeni pamoja mtembee Pipeline kule Embakasi mchana saa sita, muone vile mtu wa sakafu ya pili anawasha taa na jua liko juu na nguo hazikauki. Hakuna hotuba itashinda hiyo safari.

Jipangeni kumi kumi

Mkutano wa watu mia tatu ni wa kupiga makofi tu. Watu watatu wataongea, wawili wao ni wanasiasa, mmoja ni yule ambaye huongea kila mahali.

Mfano mzuri wa kuiga uko hapa hapa, na ulitoka mitaa ambayo watu hudharau. Agosti 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru, yaani Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalum la kupangwa, lipate mpango wake lenyewe. Hapo kuna zaidi ya familia laki moja, wengi wapangaji, kwa ardhi ambayo vyeti vyake viko na watu binafsi. Utaitaje watu hao wote kwa mkutano mmoja? Hawakuita. Muungano wa Wanavijiji, ule muungano wa wakaazi wa mitaa ya mabanda, na wenzao walipanga nyumba kumi kumi, kila kumi wana mtu wao, makundi yakaungana kuwa makubwa zaidi mpaka ikafika ngazi ya mtaa mzima, halafu pembeni wataalamu wa vyuo na mashirika wakagawanywa kwa mada, wengine majitaka, wengine afya, wengine sheria na ardhi. Maoni yalikuwa yanapanda juu na majibu yanashuka chini kwa ngazi hiyo hiyo.

Na yalibadilisha mpango wenyewe. Ukifuata vipimo vya kawaida vya barabara za mtaa, upana wake ungemeza nyumba nyingi sana, watu wangefukuzwa ili wapate barabara. Kwa hayo makundi wakakubaliana barabara nyembamba, na kuanzia 2020 barabara na mabomba yakaanza kuingia kweli. Siwezi danganya ati kila kitu kilienda sawa, mwisho wa 2021 sehemu ya Kwa Njenga ilibomolewa ili barabara kubwa ya kuunganisha ipite, na watu wengi sana wakalala nje. Mpango wa wakaazi haukuwa ngao ya kila kitu. Lakini kazi ya zile barabara nyembamba inaonekana, unaeza enda uione.

Kwa mtaa wa kawaida si lazima mfike mbali hivo. Kama Nyumba Kumi ya usalama bado iko hai kwenu tumieni hiyo hiyo, watu washajuana. Kama kwenu ni mitaa ya ghorofa, kila jengo ni kundi moja na keateka ndio mlango wenu, muwe na heshima kwake juu yeye ndio anajua nani anakaa wapi na nani amelipa.

Nani hayuko kwa chumba?

Hili ni swali la kuuliza kila mkutano ukianza. Mara nyingi utaona wenye ploti wamejaa na wapangaji hakuna, na ukweli ni kwamba hawa watu wawili hawataki kitu kimoja. Mwenye ploti anataka ruhusa ya kwenda juu zaidi. Mpangaji anataka maji yafike sakafu ya tano, na anaogopa landlodi akijenga upya yeye ataondolewa. Mkiwaweka pamoja mpangaji hataongea, kodi yake iko mfukoni mwa huyo ameketi mbele. Sisi tulikuwa tunafanya mikutano tofauti kwanza, halafu ule wa pamoja daftari ndio linasoma maoni bila majina.

Wamama wa vibanda nao msiwasahau, zoni mpya mara nyingi huwaona kama uchafu wa barabarani, na ni wao wanalisha mtaa. Usiwaite saa nne asubuhi siku ya kazi kwa hoteli ya mjini. Wafuate kwa vibanda saa nane nane hivi biashara ikipoa, keti kwa kreti, andika. Na kama wewe ndio plana wa kaunti na unasoma hii, tafadhali, Jumanne saa tatu asubuhi utapata wastaafu na watu wa bahasha tu, kuja Jumapili baada ya kanisa ama jioni watu wakitoka kazi.

Hizo bahasha za nauli zenyewe sizipendi. Soda na mandazi sawa. Lakini mkianza kulipa watu, mtu mwenye mjengo wake ataleta basi mzima na atalipa zaidi yenu, nimeona kwa macho yangu mkutano ukijaa watu hakuna mtu mtaani anawajua, wote wanaunga mkono.

Kuandika ndio kazi

Maneno ya mkutano hupotea. Kile kinabaki ni karatasi yenye muhuri wa kupokelewa. Kila oni liwe na vitu vinne: mahali, shida, kifungu cha rasimu kinachohusika, na nyinyi mnataka kiandikweje. "Tunapinga maghorofa" haina kazi, mtu wa kaunti hajui aiweke wapi. Lakini mkiandika kwamba kwa barabara fulani majitaka yanafurika kila mvua na bomba ni lile la zamani, kwa hivyo kifungu fulani kiongezwe maneno kwamba hakuna kuzidi ghorofa nne mpaka bomba libadilishwe, hiyo lazima ajibu. Ambatisha picha zenye tarehe, na orodha ya waliohudhuria na sahihi zao.

Kama hamna rasimu, iombeni. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema ombi linaeza andikwa kwa Kiswahili ama Kiingereza, na ofisi ya umma ina siku 21 kujibu. Wengi hawajui hiyo ya Kiswahili. Ombeni ramani, jedwali la zoni, na ripoti ya miundombinu, juu ramani peke yake bila kujua mabomba yana uwezo gani ni picha tu. Btw tarehe ya mwisho ya maoni iko kwa notisi, hesabuni kutoka hapo kwanza, msije mkangoja siku 21 na dirisha lilikuwa limeshafungwa.

Na msiombe kama mnaomba msaada. Katiba ya 2010 kifungu cha 10 inaweka ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa, cha 196 kinalazimisha bunge la kaunti kushirikisha watu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013, moja ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa vile inafaa. Ndio maana pia zile orodha na picha zenu ni muhimu, zinaonyesha nani aliitwa, lini, na alipewa siku ngapi.

Rudini na majibu

Hapa ndio karibu kila mtu huanguka, kaunti na hata sisi. Watu wanatoa maoni, miezi sita kimya, halafu sheria inatoka na hakuna mtu anajua lake lilienda wapi. Mkiita mkutano mwingine hawaji, na wana haki.

Tulichofanya ni karatasi moja kubwa kwa ukuta wa duka: oni, limekubaliwa ama limekataliwa, kwa nini. La kukataliwa ndio liandikwe vizuri zaidi. Tulikuwa tumeomba maduka yasiruhusiwe ndani ya mtaa kabisa, tukakataliwa, sababu ikaandikwa kwamba watu wengi tayari wana duka dirishani na ndio riziki yao. Watu walisoma wakanung'unika lakini walielewa, na mkutano uliofuata walikuja.

Ikishapita

Sheria nzuri inaeza liwa ploti moja moja. Mtu anaomba kubadilisha matumizi, nyumba ya familia inakuwa hosteli ama ghala la gesi, na nyinyi mnajua siku lori linapaki. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inampa mtu mwenye maslahi, si mwombaji tu, nafasi ya kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya kushughulikia hayo malalamiko, lakini ni ndani ya siku 14 tangu uamuzi utolewe. Tangu utolewe, si tangu nyinyi muusikie. Kwa hivyo mpeni mtu mmoja wa kamati kazi ya kuzunguka mtaa kila Jumamosi akisoma vibao na karatasi zilizobandikwa kwa mageti, anapiga picha kila moja na tarehe. Kwetu alikuwa mstaafu mmoja ambaye hata hivyo alikuwa anatembea kila asubuhi kwa sababu ya presha.