Kabla Wasiwasi wa Kukoma Hedhi Haujakubishia Hodi

Saa tisa usiku unashtuka, moyo unadunda, kanga imelowa jasho mpaka mgongoni, na unahisi kuna msiba unakuja. Asubuhi unanunua dawa ya malaria bila kupima. Mimi nimepita hapo, na haya ningependa dada ambaye hajafika ayajue mapema.

Wasiwasi huu wa kukoma hedhi huanza mapema kuliko tunavyodhani. Wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na mtu huhesabiwa amekoma akimaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake. Lakini homoni ya estrojeni huanza kupanda na kushuka miaka kadhaa nyuma, siku zako ukiwa bado unaziona, na mara nyingi ni hapo hofu isiyo na sababu inapoingia. Homoni hiyo ina mkono katika utulivu wa akili na katika joto la mwili. Ikiyumba, usingizi unakatika, na mwili usiolala huzaa wasiwasi wake wenyewe. Kama uliwahi kupata sonona, hasa baada ya kujifungua, jiandae zaidi.

Tafuta daftari sasa hivi, hata lile la shule lililobaki kurasa. Andika tarehe za siku zako, saa uliyoamka, moyo ulidunda kwa muda gani, jioni ulikunywa nini. Langu nililiweka chini ya mto pamoja na kalamu. Baada ya mwezi nikaona usiku mbaya zaidi ni ule niliokunywa chai ya rangi nzito baada ya kula. Nikaihamishia asubuhi.

Daftari hilo nenda nalo hospitali, kwa sababu ukifika mikono mitupu ni rahisi kuambiwa ni mawazo tu. Omba upimwe presha, sukari, wingi wa damu na tezi ya shingo, kwani tezi ikizidisha kazi huleta jasho na mapigo ya moyo yaleyale. Tiba ipo: ya mazungumzo, na ya homoni kwa wanaofaa. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda kwa damu amwambie daktari kabla ya kuandikiwa homoni. Na damu ikitoka tena baada ya ile miezi 12, usingoje, nenda ukaonwe. Vivyo hivyo ukianza kufikiria kujidhuru: mwambie mtu siku hiyohiyo na akupeleke hospitali.

Nyumbani, sema mapema, mchana, mkiwa mmetulia. Mimi nilimwambia mume wangu, “Baba Asha, ukiona nimetoka kwenda kukaa barazani usiku, sijakukasirikia. Ni joto na moyo.” Tangu hapo akawa ananiachia upande wa dirisha.

Pumzi nayo ifanyie mazoezi kabla ya kuihitaji, ukiwa unasubiri maharage yaive: vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6, kwa dakika tano. Hofu ikishapamba moto ni vigumu kujifunza kitu kipya.

Usiku ukiingia, weka karibu na kichwa chupa ya maji na kanga ya pili, kavu.