Kabla hujamchanganyia mtoto pakiti ya virutubishi

Pakiti ya virutubishi ni unga wa vitamini na madini, yakiwemo ya chuma, unaochanganywa kwenye chakula cha mtoto. Kabla ya kuifungua, anza na kadi ya kliniki. Angalia ni lini mtoto alipewa matone ya vitamini A kwa mara ya mwisho. Hapa Tanzania hutolewa mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, kuanzia miezi 6 hadi 59: aliye chini ya mwaka mmoja hupata uniti 100,000, aliyevuka mwaka 200,000, naye huyu mkubwa hupewa na dawa ya minyoo. Matone hayo, yanayokamuliwa mdomoni kutoka kwenye kidonge laini kilichokatwa ncha kwa mkasi, ni akiba ya miezi kadhaa, kwa sababu ini huitunza vitamini hiyo. Ndiyo maana usimwongezee sirapu ya vitamini A nyumbani bila kumuuliza mhudumu, ikizidi humdhuru. Na kama kadi haioneshi kitu, nenda zahanati sasa, usingoje kampeni ijayo.

Kisha tazama sahani yake. Hapa Dodoma kiangazi ni kirefu, na ifikapo Septemba mchicha mbichi ni wa kununua. Mtoto anaweza kushiba uji wa uwele asubuhi na jioni, tumbo limejaa kabisa, huku damu ikimpungua kwa uhaba wa madini ya chuma. Funua kiganja chake ukilinganishe na chako: kama kimepauka, au kama analamba udongo wa ukutani, apimwe damu kwanza. Uwele na mtama una madini ya chuma, ila mwili wa mtoto hupata kidogo tu kati ya hayo. Ubuyu uliokorogwa kwenye uji uliopoa husaidia sana, maana una vitamini C nyingi inayousaidia mwili kuyapata madini hayo. Chai ya rangi pamoja na chakula inaharibu kazi hiyo. Mboga ya majani, hata mlenda mkavu, iungwe kwa karanga au kijiko cha mafuta ya alizeti, kwani vitamini A haiingii vizuri mwilini bila mafuta.

Kwenye pakiti zenyewe ndipo mimi nilipokosea. Nilimimina unga ule kwenye uji uliokuwa bado unatokota. Ukabadilika rangi, ukawa na ladha ya chuma, na mwanangu akageuza uso siku tatu mfululizo. Acha chakula kipoe hadi kufikia joto la kulika, tenga vijiko vichache unavyojua atavimaliza, changanya humo, naye ale ndani ya nusu saa. Pakiti moja kwa siku ni ya mtoto mmoja. Ukimgawia na kaka yake, wote wawili wamepunjwa. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni madini ya chuma.

Wapo wasiotakiwa kuanza bila ushauri: mwenye selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi), mwenye homa ambayo haijapimwa malaria, na aliyevimba miguu au kukonda sana kwa utapiamlo. Huyu wa mwisho hutibiwa kwa utaratibu wake, na madini ya chuma mapema yanaweza kumdhuru.

Jambo la mwisho linanisumbua kila niingiapo nyumba yenye mama mjamzito. Vidonge vyake vya kuongeza damu huwa dirishani, vyekundu, vimeng'aa kama pipi. Vichache tu vinatosha kumuua mtoto mdogo. Vipandishe juu asikofika hata akipanda kwenye kigoda, au vifungie sandukuni, leo hii kabla hujafungua hiyo pakiti.