Somo: Kupiga mistari miwili ya boneti kwenye Mini ya zamani (gari dogo la Kiingereza) ikae imenyooka

Wakuu, somo hili ni la mistari ya rangi, siyo stika. Kabla ya yote tuwekane sawa: Mini Cooper (Mini zenye nguvu zaidi, zilizopewa jina la John Cooper, mtengenezaji wa magari ya mashindano) za miaka ya 1960 zilitoka kiwandani na paa la rangi tofauti, siyo na mistari kwenye boneti. Mistari miwili myeupe ilikuwa ya magari ya mashindano ya kampuni yake, na ndiyo iliyowekwa kiwandani kwenye Mini Cooper iliyorudi 1990 ikiwa na saini ya John Cooper. Anayerudisha gari la 1965 kwenye uasili wake aiache boneti tupu. Wengine tuendelee.

Mahitaji: tepu ya plastiki ya kuchorea mistari, milimita 6, masking tepu ya kawaida, karatasi ya kufunikia rangi (gazeti hapana, thina hupenya na wino huhamia kwenye bodi), uzi, timazi, pimamaji, msasa namba 800 na 2000, dawa ya kuondoa nta na silikoni. Rangi ya mstari robo lita inatosha na kubaki.

1. Jaza tairi upepo sawa, weka gari kwenye sakafu iliyo sawa, kisha rekebisha boneti mpaka mianya yake na madigadi ilingane. Mistari iliyopigwa juu ya boneti iliyokaa upande haitengenezeki baadaye.

2. Tafuta katikati. Usiiamini nembo wala matundu yake. Pima kutoka ukingo hadi ukingo sehemu tatu: mbele juu ya grili, katikati, na nyuma karibu na kioo. Weka alama kwa vipande vidogo vya tepu, kwani wino wa maka hupanda na kutokeza juu ya rangi mpya. Alama tatu hazitakaa kwenye mstari mmoja. Tofauti ya milimita 2 au 3 ni kawaida kwa bodi hizi. Vuta uzi upite katikati ya tofauti hizo. Mstari ulionyooka ukiwa milimita 2 nje ya katikati hakuna atakayeuona, ila uliopinda ili kugusa alama zote tatu utaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

3. Kata kipande cha kadi ngumu chenye urefu wa kutoka katikati hadi ukingo wa ndani wa mstari, tuseme milimita 180. Kitumie hichohicho pande zote mbili, kila baada ya sentimita 15. Upana wa mstari, tuseme milimita 75, upime kwa kadi nyingine.

4. Kuweka tepu ndiyo kazi yenyewe. Bandika mwanzo kwenye upande wa kioo, vuta tepu mpaka mbele bila kugusa bodi, funga jicho moja, tazama urefu wote, kisha ishushe kwa mkupuo mmoja. Ukibonyeza kidole kwa kidole utapata mawimbi. Usiinyooshe kwa nguvu: plastiki iliyovutwa hurudi, na kwenye mteremko wa mbele itainuka. Boneti ya Mini imebinuka pande zote, hivyo tepu mbili zilizoachiwa zijiendee zitakaribiana kadiri zinavyoshuka mbele. Kadi itakuonyesha, isukume tepu nje taratibu.

5. Rudi nyuma mita 5, chuchumaa usawa wa taa, tazama. Kisha piga picha ukiwa hapohapo na uigeuze kushoto-kulia kwenye simu. Upande uliokosewa utajitokeza. Usipigie picha karibu, lenzi ya simu hupinda mistari.

6. Funika gari lote. Piga msasa 800 ndani ya mstari kwa maji, ukifuata urefu wake, kausha, futa kwa dawa. Sugua kingo za tepu kwa ukucha, kisha puliza koti jepesi la rangi ya bodi: likipenya chini ya tepu halitaonekana, na litaziba njia. Baada ya hapo makoti 2 au 3 membamba ya rangi ya mstari. Ikishakauka kwa kugusa, toa tepu kwa kuikunja juu yake yenyewe, polepole. Malizia kwa klia (vanishi angavu ya juu ya rangi) boneti nzima. Klia ya kuchanganya na hadna (dawa ya kuigandisha) ina isosayaneti, kemikali yenye madhara kwa mapafu. Barakoa ya vumbi haiizuii, tumia ya kuletewa hewa safi.

Maswali ya wanachama

Mkuu, vipimo viko sawa pande zote lakini mstari wa kulia unaonekana mwembamba.
— Gari limelala upande. Pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa madigadi kila upande. Kama Mini yako ni ya Hydrolastic (saspensheni inayotumia maji yenye presha), maji ya mbele na nyuma ya upande mmoja yameungana, kwa hiyo presha ikipungua upande mzima hushuka. Na ukiendeleza mistari hadi paani kwa leza, gari likiinama nyuzi 1 tu, kwenye tofauti ya kimo cha sentimita 40 kati ya boneti na paa mstari unahama karibu milimita 7.

Rangi imepenya chini ya tepu, nikwangue kwa wembe?
— Hapana. Kama hujapiga klia, weka tepu upya ukingoni upande wa mstari na upulize rangi ya bodi juu ya madoa. Chanzo huwa koti la kwanza lililolowa mno, au mikwaruzo ya msasa iliyokatiza chini ya tepu na kuwa mifereji.

Gari langu ni jekundu la zamani. Mweupe umegeuka waridi!
— Nyekundu nyingi za zamani huyeyuka kwa thina na kupanda juu. Kuongeza nyeupe hakusaidii. Ziba kwanza kwa sila (koti la kuziba) ya kuzuia rangi kupanda. Ijaribu chini ya boneti.

Stika je, fundi?
— Ni sawa kwa anayetaka kuitoa baadaye. Nyunyiza maji lita 1 yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, bandika, kisha kamua maji kutoka katikati kwenda nje. Kama boneti imepakwa juzi, subiri muda uliotajwa na mtengenezaji wa rangi. Thina iliyobaki ndani itaitunisha stika malengelenge.