Mbunifu wa vifaa vya plastiki: mambo ya kuamua kabla kalibu haijakatwa

Kalibu ya chuma, ambamo plastiki iliyoyeyushwa hudungwa ili ipate umbo, ikishakatwa, swali la kama kifaa kitafunguka, kitatengenezeka au kitamdhuru mtoto limeshajibiwa, hata kama hakuna aliyeliuliza kikaoni. Kiwanda hufuata mchoro. Kwa hiyo kila unachokijali kuhusu mtumiaji kiwe kimeingia kwenye mchoro na hati ya mahitaji kama namba: milimita, asilimia, idadi ya skrubu, aina ya plastiki. Mwongozo huu unahusu vifaa vidogo vya umeme na betri vyenye ganda la plastiki, kwa sababu ndiko gharama, mwonekano na usalama hugombana zaidi.

Anza na matumizi mabaya

Andika orodha ya watu watakaokigusa kifaa: mnunuzi, mtoto wake, fundi, mbebaji ghalani, anayekitenganisha jalalani. Kwa kila mmoja, andika anachoweza kukosea. Kisha toa alama 1 hadi 10 kwa ukubwa wa madhara, uwezekano wa kutokea na ugumu wa kugundua mapema, uzizidishe. Njia hii ina mtego: hatari inayoweza kuua lakini hutokea kwa nadra hupata jumla ndogo na kuzama chini ya orodha. Weka kanuni kwamba chochote chenye madhara ya 9 au 10 kinashughulikiwa bila kutazama jumla.

Hatari ikishajulikana, kwanza iondoe kabisa kwa umbo. Ukishindwa, izuie kwa kizuizi. Lebo ya onyo ni ya mwisho, nayo haikubaliki pale ambapo hatua mbili za kwanza zingewezekana.

Kwenye vifaa vitakavyokuwa karibu na watoto, nyufa za sehemu zinazokunjika ziwe chini ya mm 5 au zaidi ya mm 12. Katikati ya hapo ndipo vidole hunasa. Kipande chochote kinachoweza kung'oka kisiingie chote kwenye silinda ya kipimo yenye kipenyo cha mm 31.7.

Betri bapa za duara kama CR2032 zinahitaji ukali wa pekee. CR2032 ina kipenyo cha mm 20, hivyo hukwama kwenye umio wa mtoto mdogo, na mkondo wake wa umeme huzalisha kemikali inayoweza kuunguza nyama ndani ya saa 2. Hata iliyoonekana kwisha bado ina umeme wa kutosha kufanya hivyo. Kifuniko chake kifunguke kwa bisibisi tu, au kwa vitendo viwili tofauti vinavyofanywa kwa wakati mmoja. Skrubu ya kifuniko ibaki imeshikiliwa kwenye kifuniko hata ikilegezwa, kwa sababu skrubu inayodondoka hupotea na watu huendelea kutumia kifaa kikiwa wazi.

Kifaa kifunguke bila kuvunjika

Mteja akiomba gundi, mara nyingi anatafuta mambo mawili: sekunde chache kwenye mstari wa kuunganisha, na ganda lisiloonyesha mishono. Yote mawili yanapatikana kwa klipu (ndoano za plastiki zinazopinda na kujifunga) na skrubu zikipangwa mapema, ila hesabu lazima ifanyike.

Kwa klipu ya mkono ulionyooka, mvutano wa plastiki kwenye shina lake (kiasi inavyonyooka) ni 3 × unene × kiasi cha kupinda ÷ (2 × urefu × urefu). Mkono wa unene wa mm 1.5, urefu wa mm 10, unaopinda mm 1, hutoa 0.0225, yaani asilimia 2.25. Baadhi ya aina za ABS, plastiki ngumu ya maganda ya vifaa, huvumilia hilo hata klipu ikifunguliwa zaidi ya mara moja. Fupisha mkono huo hadi mm 6 ili kuokoa nafasi na mvutano unavuka asilimia 6: klipu huenda ikafungwa kiwandani salama, kisha ivunjike fundi anapofungua kwa mara ya kwanza. Hapo umebuni kifaa cha kutupwa bila kukusudia. Nailoni yenye nyuzi za kioo huvunjika kwa urahisi zaidi, usiipe mvutano ule ule.

Ndoano ya klipu huifanya kalibu ihitaji slaidi (kipande cha kalibu kinachoteleza kando), na slaidi ni gharama ambayo kiwanda kitakuomba uiondoe. Acha tundu chini ya ndoano ili chuma cha kalibu kipite moja kwa moja na hoja ya slaidi imekwisha. Pia anza na klipu legevu kidogo. Kuongeza plastiki kwenye kipande ni kuchonga kalibu tu. Kupunguza plastiki ni kulehemu chuma na kuchonga upya.

Kwa skrubu ya mm 3 kwenye ABS, kinguzo (nguzo fupi ya plastiki inayoshika skrubu) kiwe na kipenyo cha nje cha mm 6 hadi 7 na tundu la karibu mm 2.4. Tundu jembamba hupasua kinguzo, pana huchubuka nyuzi baada ya kufunguliwa mara chache. Sehemu itakayofunguliwa mara kwa mara iwekewe kipande cha shaba chenye nyuzi za skrubu ndani. Tumia kichwa cha skrubu ambacho bisibisi yake inapatikana popote, na urefu mmoja wa skrubu kwa kifaa kizima: skrubu ndefu ikirudishwa mahali pa fupi hutoboa upande wa pili, wakati mwingine hadi kwenye betri.

Ukuta wa mm 2 hadi 3 unatosha vifaa vingi vya ABS. Mbavu za ndani (kuta nyembamba za kuimarisha ganda) zisizidi asilimia 60 ya unene huo, la sivyo uso wa nje hubonyea, na kuna wateja ambao hapo hapo hudai ganda linene zaidi, kosa la pili juu ya la kwanza. Kuta zinazotoka kwenye kalibu ziwe na mwinamo wa angalau digrii 1, na 3 au zaidi zikiwa na mikwaruzo ya mapambo.

Betri za lithiamu huvimba zinapozeeka. Acha karibu asilimia 10 ya unene wake kama nafasi tupu, pasiwe na ubavu wala ncha ya skrubu inayoielekea. Samsung iliondoa simu za Galaxy Note 7 sokoni mwaka 2016, na matokeo ya uchunguzi yaliyotolewa Januari 2017 yalionyesha kwamba kwenye betri za awali elektrodi (tabaka za ndani zinazobeba umeme) zilikuwa zimepinda pembeni. Ukibuni kwa ajili ya soko la Umoja wa Ulaya, kanuni ya betri ya 2023/1542 inataka betri nyingi za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe kuanzia 18 Februari 2027.

Plastiki gani, rangi gani

Aina chache ndizo bora. Mpira laini uliomwagwa juu ya ABS hushika vizuri mkononi lakini hautenganishwi tena. Kama ushikaji ni lazima, uwe kipande cha kuchomeka. Rangi nyeusi yenye kaboni haionekani kwa mashine nyingi za kuchambua taka zinazotumia miale ya infraredi isiyoonekana kwa macho. Chagua kijivu kizito au nyeusi isiyo na kaboni.

Taa ya hali isitegemee nyekundu na kijani peke yake. Ibadilishe mahali au iwake kwa kumeta.

Mwili wa nani?

Tundu la kupitisha mkono lipimwe kwa mkono mkubwa, umbali wa kufikia swichi kwa mkono mfupi, nguvu ya kubonyeza kwa mtumiaji dhaifu. Wastani haumfai mtu yeyote katika haya matatu. Ukichukua mpaka wa asilimia 5 hadi 95 (kwa kila kipimo, ukiwaacha 5 wadogo zaidi na 5 wakubwa zaidi kati ya 100) kwa vipimo kadhaa kwa pamoja, utawaacha nje zaidi ya watu 10 kati ya 100, kwa kuwa mfupi wa kimo si lazima awe na mkono mfupi.

Jaribu kwa vipande vya plastiki ile ile. Kilichochapishwa kwa printa ya 3D kinaonyesha umbo na mshiko, lakini hukatika kwenye tabaka zake na hakikwambii lolote la kuaminika kuhusu klipu.

Mteja akikataa

Usijibu kwa hotuba. Mpe karatasi ya safu nne: hatari, suluhisho na gharama yake kwa kila kifaa, kitakachotokea bila suluhisho, na jina la aliyeamua. Mjumuishe mhandisi wa kiwanda, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayejua njia rahisi zaidi. Pendekezo linaloweza kuahirishwa, kama plastiki ya kijivu, liandike kwa toleo lijalo na uendelee. Kifuniko cha betri ya duara hakiahirishwi: mteja akisisitiza kiachwe wazi, rudisha kazi kwa maandishi kabla mchoro wa mwisho haujatumwa, ukitaja kipengele chenyewe na tarehe uliyotoa onyo.