Jinsi ya kumjaribu msaidizi wa sauti sokoni Kadutu kabla ya kumuunda

Vijana wengi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanaoingia katika utafiti wa akili bandia huanzia kwenye kompyuta: hukusanya data, hufunza modeli, kisha baada ya miezi kadhaa huipeleka programu yao kwa mama muuzaji wa maharagi, na hapo ndipo wanapogundua kwamba hasemi kama walivyodhani. Mwongozo huu unageuza mpangilio huo. Tuchukue mfano wa programu ya simu inayomsikiliza muuzaji akitaja alichouza, ikamwandikia hesabu ya siku. Kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu hiyo, mweke mtu mahali pa mashine.

Njia hii si ngeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, John F. Kelley, aliyekuwa akifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, aliwapa watu kompyuta waliyodhani inaelewa lugha ya kawaida, kumbe nyuma yake alikuwapo mtu. Watafiti huiita njia ya Mchawi wa Oz, kwa jina la hadithi ya Kimarekani ambamo mchawi mkuu ni mtu wa kawaida aliyejificha nyuma ya pazia. Jina hilo libaki kwenye makala yako tu: kwetu neno mchawi si la mzaha, na hutaki mtu alitamke mezani pa muuzaji. Sisi tunamwita msikilizaji.

Unahitaji simu mbili. Ya kwanza iwekwe mezani, karibu na gunia, kipaza sauti kikiwa wazi. Ya pili anayo msikilizaji, aliyekaa mahali asipoonekana, akiwa na visikizio na majibu yaliyorekodiwa mapema. Majibu hayo yatoshe ukurasa mmoja tu: «Nimeandika gigozi tatu, ni sawa?», «Bei gani?», «Sijasikia, tafadhali rudia.» (Gigozi ni ule mkebe wa maziwa ya unga ambao soko zima linapimia.) Kazi ngumu ya msikilizaji ni kujizuia. Yeye ni mtu wa Bukavu, anaelewa kila kitu, hata kicheko na kimya. Lakini mashine yako haitaelewa hayo, kwa hiyo mama akisema «hapana, ile ya jana», na jana haimo katika ukurasa, jibu ni «Sijasikia» basi. Ahesabu pia hadi tatu kabla ya kujibu, maana mtu hujibu haraka kuliko mtandao wetu.

Panga makosa kwa makusudi. Kabla ya kikao, piga kura kuchagua jibu moja katika kila kumi ambalo msikilizaji atalikosea, kwa sababu mambo mengi ya thamani hutokea pale mashine inapokosea. Mama mmoja alipoambiwa mara mbili kwamba hakusikika, hakupandisha sauti kama tulivyotarajia. Aliacha kuhesabu kwa Kiswahili, akarudia bei ileile kwa Kifaransa, kisha akamkabidhi binti yake simu. Katika nusu dakika alitufundisha kwamba programu lazima ielewe tarakimu za lugha zote mbili ndani ya sentensi moja, na kwamba mtumiaji wetu huenda asiwe mmoja.

Kikao kisizidi dakika ishirini, na mteja akifika, jaribio lisimame. Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993 jinsi ya kukadiria idadi ya watu wanaotosha kufichua kasoro. Ndipo ilipotoka ile kanuni ya watu watano, ambao kwa wastani hufichua takriban asilimia 85 ya kasoro hizo. Kanuni hiyo inahusu kasoro za matumizi, si aina za usemi. Mzungumzaji wa Mashi kutoka kijijini Kabare na kijana aliyezaliwa Ibanda, hapa mjini, hawaingii katika tano moja.

Usitegemee sana maswali ya mwisho. Mgeni akiuliza kama kitu chake ni kizuri, ataambiwa ni kizuri. Tazama badala yake kama mama aliendelea kuitumia simu mteja alipoondoka bila wewe kumkumbusha.

Sasa uchambuzi. Andika kila sentensi kama ilivyosemwa, usiisahihishe. Kisha ipitishe sauti hiyo katika mfumo wa kutambua usemi uliokwisha kuwapo, uhesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, ugawanye kwa idadi ya maneno yaliyosemwa. Sisi tulikuwa na sentensi hii: «Nimetosha gigozi tatu za maharagi, moja ni ya deni.» Mfumo uliandika: «Imetosha kingozi tatu za maharage, moja ni ya deni.» Maneno matatu kati ya tisa, yaani asilimia 33. Lakini makosa hayo matatu hayana uzito mmoja. «Maharage» haidhuru kitu. «Kingozi» imepoteza kipimo. «Imetosha» ndiyo inayoharibu yote: kwetu kutosha ni kutoa, na mama alikuwa akisema ametoa maharagi guniani, lakini katika Kiswahili ambacho mfumo umefunzwa, kutosha ni kufikia kiasi, hivyo mauzo yakageuka kuwa shibe. Kwa hiyo, kando ya asilimia, weka safu ya pili katika daftari: je, hesabu ya siku ingebadilika?

Baada ya kikao, mweleze mama ukweli, mwonyeshe msikilizaji, kisha omba ruhusa upya ya kuhifadhi sauti, kwa kuwa ruhusa ya kwanza aliitoa akidhani anasema na mashine. Akikataa, futa mbele yake. Akikubali, bado kata majina ya wadeni wake kabla faili haijaingia kwenye kompyuta yoyote. Wao hawakuulizwa, na katika soko hili jina na deni vinatosha kumtambulisha mtu.