Kupanga Matawi na Daftari la Mabadiliko katika Mradi wa Pamoja

Katika mradi wa programu unaoandikwa na watu wengi kwa kutumia Git, chombo kinachotunza historia ya msimbo katika matawi, yaani mikondo ya kazi inayoendelea sambamba, tawi kuu linapaswa kuwa tayari kutolewa kwa watumiaji wakati wowote, na kwa hiyo mtu yeyote asiandike humo moja kwa moja. Kila kazi ifunguliwe tawi lake kwa amri ya git switch -c, na jina la tawi litaje aina ya kazi pamoja na namba yake, kwa mfano rekebisha/214-ripoti. Tawi lisikae muda mrefu, kwani kadiri linavyoachana na tawi kuu ndivyo migongano ya mabadiliko katika mistari ile ile inavyoongezeka siku ya kuyaunganisha. Likishaunganishwa, lifutwe kwa git branch -d, amri ambayo hukataa kufuta tawi ambalo kazi yake bado haijaunganishwa.

Daftari la mabadiliko, yaani faili inayowaeleza watumiaji kilichobadilika katika kila toleo, ndilo linalohitaji uangalifu zaidi, na kwa bahati mbaya ndilo hupuuzwa. Wapo wanaodhani kwamba orodha ya git log, yaani kumbukumbu ya mabadiliko yaliyohifadhiwa katika Git, inatosha, lakini orodha hiyo huwaeleza waandishi wa msimbo hatua walizopitia, ilhali mtumiaji anataka kujua kilichobadilika upande wake. Maneno “nimerekebisha hesabu ya tarehe” hayamfai. “Ripoti ya mwezi sasa inajumuisha siku ya mwisho” yanamfaa. Maelezo hayo yaandikwe katika tawi lile lile lenye mabadiliko, na mhakiki asikubali kuliunganisha bila hayo, kwa sababu anayengoja hadi siku ya kutoa toleo hulazimika kukisia makusudi ya wenzake.

Toleo jipya likae juu katika daftari, likiwa na tarehe inayoanza na mwaka, kama 2024-03-09, na mabadiliko yagawanywe: yaliyoongezwa, yaliyobadilishwa, yaliyoondolewa, yaliyorekebishwa, na ya usalama. Yanayovunja matumizi ya awali yatajwe waziwazi, na katika namba ya toleo kama 2.4.1 tarakimu ya kwanza ipande, yaani toleo liwe 3.0.0.

Iwapo matawi mengi yanagongana kwa kuwa kila mmoja anaongeza mstari mahali pale pale katika daftari, kila badiliko liandikiwe faili yake ndogo ndani ya folda maalumu. Siku ya kutoa toleo, msimamizi huzikusanya faili hizo kwenye daftari, kisha huzifuta.